Motokari ya Marehemu Baba na Desturi ya Kupyana

Vijitabu kama hiki huandika mara nyingi juu ya ngoma, mavazi ya wachifu, ndoa na kilio. Mimi nitaandika juu ya motokari. Najua bazee wengine watauliza: motokari ililetwa na wazungu, inaingia wapi mu mila yetu? Jibu langu ni kwamba nyumbani kwetu motokari moja ya zamani ilitulazimisha kuelewa maana ya kupyana, neno ambalo tulikuwa tunalisikia tu midomoni mwa wakubwa.

Ni Peugeot 404 ya mwaka wa 1964. Aina hiyo ilianza kutoka Ufaransa mwaka wa 1960, na umbo lake lilichorwa kwa Pininfarina, Italia. Motere yake ni ya sentimita kyubu 1618, imelazwa kwa ubavu, na vitesi vinaingizwa pale kwenye usukani. Aliyeileta huku alikuwa injinia Mbelgiji. Ilishuka melini ku Lobito, ikapanda treni ya Benguela mpaka Dilolo na Kolwezi, njia ileile ambayo mukuba wetu ulikuwa unapita kwenda baharini. Injinia alipomaliza kazi, aliiuzia Mreno mmoja mwenye duka. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu akatangaza zairianizasyo, Mreno akafungasha mizigo, na mwaka wa 1974 baba yangu, fundi wa mashine, akainunua kwa zaire alizoziweka miaka mingi.

Jirani waliiita motokari ya mashindano, na hawakukosea sana. Mashindano ya Safari ya Afrika ya Mashariki yalianza mwaka wa 1953, na 404 ilishinda mara nne: mwaka wa 1963 na 1968 kwa mikono ya Nick Nowicki, na 1966 na 1967 kwa mikono ya Bert Shankland wa Tanzania. Katika mwaka wa 1963 na ule wa 1968, motokari saba tu ndizo zilizofika mwisho kwa sababu ya mvua na matope. Kati ya ushindi huo, mwaka wa 1965, Joginder Singh wa Kenya na ndugu yake Jaswant walishinda na Volvo ambayo ilikwisha kukimbizwa na wengine Safari ya mwaka uliotangulia. Baba alipenda sana habari hiyo ya Volvo. Alisema: “Motokari haina muzee. Iko paka na mutu mwenye anaiangaria ao mwenye haiangarie.”

Mwezi wa 5 mwaka wa 1978, vita vilipoingia Kolwezi, baba alitoa kichwa cha delko, akakifunga mu kitambaa na kukizika chini ya muti wa embe. Mama alitusimulia mara nyingi. Watu wenye silaha walikuja, wakasukuma, wakapiga manivele, motere ikakataa, wakaenda zao. Baada ya vita baba alichimba, akarudisha kichwa mahali pake, na motokari ikawaka.

Baba alikufa mwaka wa 2009. Wakati huo 404 ilikuwa imekufa zamani, imekaa juu ya matofali nyuma ya nyumba, sakafu yake imeliwa na kutu. Kilio hakijapita mwezi, mnunuzi wa mitraye akaingia mu parsele. Kwanza alitaka radiateri, kwa sababu radiateri za zamani ni za shaba. Niliwaza sana siku ile: mukuba unatoka katika udongo wa Katanga, unaenda Ulaya, unarudi kama radiateri, halafu tunauza radiateri kwa kilo ili irudi tena kule. Lakini mawazo hayalipi deni. Mdogo wangu alikuwa anangojea franga za masomo, na bei ya mnunuzi ilitosha kumlipia.

Jamaa wakakaa. Sisi upande wa baba ni Basanga, na ndugu mkubwa wa marehemu akasema wazi: “Kwetu, anayepyana ni mwipwa, haiko mutoto.” Dada yangu mkubwa akajibu kwa heshima, lakini bila kuogopa: “Baba mukubwa, Kode ya Familia inasema namna ingine.” Na ni kweli. Sheria ya tarehe 1 Agosti 1987 inaweka watoto wa marehemu katika daraja la kwanza la warithi, wanapata robo tatu ya mali. Sauti zilianza kupanda. Mimi niliona ya kwamba tutatoka pale bila motokari na bila jamaa.

Mwipwa mwenyewe, mwana wa dada ya baba, alikuwa kimya muda wote. Ni fundi wa garaji ku Likasi. Alipopewa neno, alisema: “Batata, miye siombi motokari. Minaomba kazi yake. Kama mutaiuza ku mitraye, muniambie tu, nitakuya kuangaria namna banaivunja.”

Neno hilo lilituliza watu. Tulikubaliana hivi: motokari ni mali ya watoto, kama sheria inavyotaka, na haiuzwi, jina la baba pamoja na kazi yake vinaenda kwa mwipwa. Deni la masomo tukaligawanya kati yetu wakubwa, na tulilipa miaka miwili. Bazee walimpa mwipwa funguo na kisanduku cha vyombo mbele ya watu wote, wakamwita kwa jina la marehemu. Tangu siku ile mimi, mwalimu, ninamwita baba, ingawa nimemzidi miaka mitatu. Naye hana haya: akinikuta nimeshika kle vibaya, ananikaripia sawasawa na marehemu.

Kazi ilianza mwaka wa 2010, ikaisha 2014. Sakafu tuliikata yote, tukasude mabati ya pipa la mafuta. Motere ya 404 ina shemise zinazotoka, yaani silinda ikichakaa unachomoa ile ya zamani na kuingiza mupya bila kutoboa bloko. Ndiyo sababu motere hizi hazifi upesi. Shemise na pistoni tulizipata katika 404 bashe iliyolala ku Kasaji. Ekseli ya nyuma inazungushwa na skrubu inayosukuma gurudumu la meno la bronzi, na lile la baba lilikuwa zima bado. Radiateri ilishonwa kwa risasi mahali patatu. Parabrize ilitoka Zambia. Rangi tulirudisha ile ya kwanza, tuliyoikuta chini ya kiti cha nyuma.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani: “Mwalimu, kama mulibadirisha vyote vile, ingali ile ya baba yenu?” Nilimjibu kwa mfano wa jirani zetu Balunda. Pale Musumba, Mwant Yav anakufa kama mtu, lakini Mwant Yav kama jina anabaki; lukano, ile bangili ya ufalme, inaingia mkono mwingine. Anayechukua jina la cheo anachukua na udugu wake. Kama cheo kimoja kilikuwa mjomba wa cheo kingine, kinabaki mjomba hata aliyekaa juu yake ni kijana. Motokari yetu iko vile. Shemise ni mupya, sakafu ni mupya, mwenye kuiendesha ni mupya. Kinachobaki ni mahali ambapo kila mmoja anaingia baada ya mwingine, na kazi inayomngojea pale.

Hapa Kolwezi jambo hili si la mchezo. Tangu 2014 tuliona ku Kasulo watu wakichimba kobalti chini ya vyumba walimolala. Siwalaumu, njaa ina sheria yake. Lakini mji unaoweza kuuza hata sakafu ya nyumba unahitaji kujua ni vitu gani haviuzwi, na nani ataviangalia.

Sasa tuna daftari ndani ya kisanduku cha vyombo. Limeandikwa injinia, Mreno, baba, mwipwa, na chini ya kila mmoja kazi aliyoifanya. Binti yangu wa pili anajua tayari kutoa bugi na kusafisha karburateri. Kwa hesabu ya bazee yeye si mwipwa wa mtu anayeshika funguo leo, na kikao kingine kitakuwa kigumu kuliko cha kwanza. Nawaomba ndugu wasomaji ambao jamaa zao zimekwisha kupita katika kikao kama hicho watuambie walivyofanya, iwe kwa motokari, kwa shamba au kwa cherehani.