Machozi ya Kwenye Maegesho

Wale mtakaoshangaa mchungaji hutazama nini usiku, tulieni kwanza. Kuna kipindi cha televisheni kinaitwa Severance, kilichoanza kwenye Apple TV+ mwaka wa 2022, na leo nataka tukizungumzie.

Hadithi ni hii. Kampuni iitwayo Lumon inawapandikizia wafanyakazi kifaa kidogo ndani ya ubongo. Mfanyakazi akishuka na lifti kwenda kazini, anasahau maisha yake yote ya nyumbani. Akipanda jioni, anasahau yote ya kazini. Mwili mmoja, watu wawili wasiojuana. Yule wa kazini hajui kama ana mke au watoto, wala hajui usingizi. Lifti ikifungwa jioni, kwake inafunguka papo hapo na kazi inaanza tena.

Hakuna vita vya angani wala viumbe wa ajabu. Ni meza, kompyuta na ukumbi mrefu mweupe. Dan Erickson aliyekibuni, na Ben Stiller (ndiyo, yule wa vichekesho) aliyeongoza sehemu nyingi, wanachukua jambo moja lisilowezekana, kisha wanauliza kwa uangalifu: likiwezekana, nani ataumia?

Mark alikuwa mwalimu wa historia. Akampoteza mkewe, Gemma, kwa ajali ya gari. Akachukua kazi Lumon ili angalau zile saa za kazi asikumbuke. Asubuhi tunamwona garini, kwenye maegesho, akilia. Anajipangusa, anaingia kwenye lifti, na yule anayetokea chini anaanza kazi bila kujua ni nini kilichomliza.

Mpendwa, huyo mtu unamjua. Jumamosi tunamzika mume, na Jumapili inayofuata mjane yuko mbele na kwaya, na watu wanasema imani yake ni kubwa. Akitokwa na machozi anaambiwa anyamaze, Mungu ni mwema. Kwa hiyo anajifunza lifti yake. Machozi yanabaki kwenye matatu, uso unaingia kanisani umepakwa mafuta.

Lakini tazama kipindi kinavyoendelea. Siku moja kazini Mark anapewa udongo wa kufinyanga, aonyeshe anavyojisikia. Anafinyanga mti. Baadaye, yule Mark wa nje anasimama kando ya barabara, penye mti ambapo ajali ilitokea. Kifaa kilifuta jina la mkewe, kikafuta sura yake, lakini mikono ilikuwa inajua. Hapo nilisimamisha picha nikakaa kimya.

Nikuonye, lugha yake mahali pengine ni chafu, si cha kutazama na watoto. Na kinaidhihaki dini. Mwanzilishi wa kampuni, Kier Eagan, anaheshimiwa kama nabii, na mfanyakazi akikosa anafungiwa chumbani asome maneno ya kuomba msamaha, tena na tena, mpaka wakubwa waridhike. Baadhi yenu mtakasirika. Mimi sikukasirika, kwa sababu huyo mungu wa Lumon simtambui. Yesu hakumsomesha mwanamke aliyefumaniwa karatasi mara mia.

Soma Yohana 11 polepole. Bwana alijua kwamba baada ya dakika chache Lazaro atatoka kaburini. Alikuwa na jibu mkononi. Bado alilia, mbele za watu wote, na wengine walikuwa pale wakimchunguza. Hakumwambia Mariamu apanguse uso kwanza ndipo waongee. Mwenye uwezo wa kufufua hakuona machozi kama upungufu wa imani, basi sisi tunaharakisha nini?

Ukifiwa mwaka huu, au hata miaka kumi iliyopita, na bado unalia kwenye gari, jikoni au bafuni, Jumatano baada ya maombi ya mchana mimi na mama mchungaji tutakuwa ofisini. Chai ipo. Huhitaji kuja na ushuhuda.