Kumwomba Jirani Msaada Kikuubo

MTN ilipoanzisha huduma ya kutuma pesa kwa simu nchini Uganda mwaka 2009, nilikuwa karani wa duka la jumla katika soko la Kikuubo, Kampala, nikiwahudumia wateja wa Butembo na Beni, Kongo, kwa sababu ya Kiswahili changu. Mama mteja akitaka kusaidiwa kutuma pesa kwa simu yake, alisalimia, akauliza habari za nyumbani, akangoja nimalize kuhesabu katoni, ndipo aseme, "Kaka, nisaidie." Namba ya siri aliibonyeza mwenyewe, mimi niligeukia rafu. Hakuna aliyetufundisha hayo. Katika uchochoro ambamo wachukuzi hupita na mizigo wakipaza sauti "fasi, fasi!", kila mtu hujifunza kumpisha mwenzake.

Kazi ilizidi kuwa ngumu Januari 2021, waliosajiliwa VAT walipotakiwa kutoa risiti kupitia EFRIS, mfumo wa Mamlaka ya Mapato, URA. Mfumo huo haukubali uuze bidhaa ambayo hujaiandikisha kwanza kuwa imeingia dukani. Ukiandikisha katoni nawe unauza kipande kimoja kimoja, lazima uueleze uhusiano wa vipimo hivyo. Kikuubo katoni hufunguliwa na kugawanywa kutwa nzima, kwa hiyo risiti zilikataa huku mteja amesimama na basi lake linakaribia kuondoka.

Kijana mmoja wa duka la jirani aliuelewa mfumo huo mapema. Hakuajiriwa na URA wala hakulipwa na yeyote. Tukamkimbilia.

Hapo adabu ililegea, na naamini chanzo kilikuwa hofu ya faini ya kutotoa risiti za EFRIS, maana mwenye hofu husahau hata kusalimia. Watu walimwachia kompyuta mezani: "Imekataa, nitarudi." Usiku alitumiwa picha ya kioo isiyosomeka, kisha "Haloo?", kisha simu ikaanza kuita. Kilichoniuma zaidi ni wale waliowauliza watu watatu swali lilelile bila kumwambia kila mmoja kuwa wengine nao wameulizwa. Wa kwanza akilitatua, wengine wawili waliendelea kuhangaika hadi jioni na tatizo ambalo halikuwepo tena.

Kijana hakugomba. Ukifika alikuuliza, "Imesema nini?" Usipojua, ulirudi dukani ukasome ujumbe wote na kuuleta kama ulivyoandikwa. Hakugusa kompyuta yako. Ulikaa wewe, yeye akasimama nyuma yako. Asubuhi, malori yakishusha mzigo, hakusikiliza mtu, na alikuwa na haki, kwani mshahara wake ulitoka kwenye mzigo ule. Soda aliipokea kwa shukrani, lakini alichokisisitiza ni urudi umwambie kama imefaulu, ili anayefuata apate jibu lililokwisha kujaribiwa.

Polepole maswali yakabadilika. Nilimsikia mama muuza mchele akimwambia, "Ssebo, mifuko niliiandikisha jana, leo inasema haitoshi. Kipimo nimekiangalia, kiko sawa." Alijibiwa kwa sentensi moja, akaenda zake. Wiki hiyohiyo nilimwona akimwelekeza jirani yake.

Aprili 2024 wafanyabiashara wa katikati ya Kampala, Kikuubo ikiwemo, walifunga maduka kuipinga EFRIS. Malalamiko yao yalistahili kusikilizwa. Lakini wapo waliomfokea kijana yule kana kwamba ndiye aliyeutunga mfumo, na hilo halikuwa haki hata kidogo. Mtu anayekupa saa yake ya chakula cha mchana bila malipo si ofisi ya serikali.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiwa na jambo kama hilo, iwe Kikuubo, Kariakoo au Gikomba, msalimie mtu, muulize kama ana nafasi, mwonyeshe ujumbe wote na yale uliyokwisha kujaribu. Akishakusaidia, rudi umwambie matokeo, hata kama umelitatua kwa njia nyingine.