Baada ya kisu cha daktari

Mgonjwa aliyepasuliwa huzungumzwa na majirani kwa namna mbili tu. Akiinuka kitandani, husemwa kwamba daktari amekitoa kilichokuwa kikimsumbua na mambo yamekwisha. Akifariki, husemwa kwamba ugonjwa ulikuwa umetulia mpaka kisu kilipouchokoza. Kauli zote mbili nimezisikia tangu nilipoondolewa mji wa mimba kwa sababu ya saratani, miaka minne iliyopita, na zote mbili humtwisha daktari wa upasuaji mzigo usio wake peke yake. Kisu kina nafasi yake, tena kubwa. Lakini mwanamke aliyepasuliwa kwa ugonjwa huu huishi au hufa kwa mambo ambayo mengi yalikwisha kuamuliwa kabla hajafikishwa chumba cha upasuaji, na mengine huamuliwa nyumbani kwake, muda mrefu baada ya kidonda kupona.

Kwanza tuelewane ni saratani ipi. Iliyo nyingi zaidi kwa akina mama wa Tanzania ni ile ya mlango wa kizazi, iletwayo na virusi, ambayo wasichana wetu wamekuwa wakichanjwa kuikinga tangu mwaka 2018. Ninayoisema mimi ni nyingine. Huanza juu zaidi, katika utando wa ndani wa mji wa mimba, ule ule ambao kila mwezi humomonyoka na kutoka kama hedhi. Haina chanjo, na kipimo cha mlango wa kizazi hakikuwekwa kwa ajili yake. Aghalabu huwapata wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na dalili yake kubwa ni damu: kati ya wanawake 10 wenye ugonjwa huu, 9 hivi hutokwa na damu. Wala si kila damu ni saratani. Katika wanawake 10 wanaotokwa na damu baada ya kukoma hedhi, ni mmoja hivi anayekutwa nayo. Huyo mmoja hajulikani kwa kutazamwa usoni.

Utando huo hukuzwa na homoni iitwayo estrojeni na kutulizwa na nyingine iitwayo projesteroni. Hedhi ikikoma, vifuko vya mayai huacha kazi yake, lakini mafuta ya mwili huendelea kutengeneza estrojeni, na mtulizaji hayupo. Ndiyo maana unene huongeza hatari, na pamoja nao kisukari. Sisi wa mjini, tunaoketi ofisini mchana kutwa na kurudi nyumbani kwa basi, tumezoea kuuita unene afya njema. Mwanamke akipungua, mume huulizwa kama siku hizi hamlishi. Nami nilikuwa nikisifiwa hivyo hivyo.

Nilikuwa na umri wa miaka 59, na hedhi ilikuwa imekoma miaka minane, nilipoona matone ya damu. Nilimweleza dada yangu mkubwa, mkunga aliyestaafu, siku ile ile, kwa kuwa tangu utoto wetu yeye ndiye ninayemweleza kila kitu.

"Mdogo wangu," akasema, "hedhi ikiisha imeisha. Hairudi kusalimia. Kesho alfajiri tunakwenda hospitali."

Tulikwenda. Kipande kidogo cha utando kilichukuliwa, kikapelekwa maabara, na jibu liliporudi nikapangiwa upasuaji: mji wa mimba, mirija na vifuko vya mayai, vyote pamoja.

Kitanda cha pili kutoka changu alilazwa mama mmoja aliyenizidi miaka michache, mcheshi, aliyejua majina ya watoto wa wauguzi wote wa zamu. Yeye alikuwa ametokwa na damu kwa zaidi ya mwaka. Huko alikotoka alipewa dawa za uambukizo mara tatu pasipo utando kuchunguzwa, na mashoga zake walimtania kwamba ujana umemrudia. Tulipasuliwa juma moja, na daktari yule yule, kwa ustadi ule ule. Mimi naandika makala haya. Yeye tulimzika kabla ya mwaka wa pili kutimia. Ikiwa kisu ndicho kiponyacho au kiuacho, kwa nini kilitutendea tofauti namna ile?

Jibu lilikuwa katika karatasi ya maabara. Kinachotolewa tumboni hakitupwi. Hupelekwa kwa daktari ambaye pengine mgonjwa hatamwona maisha yake yote, naye hukikata vipande vyembamba na kuvitazama kwa hadubini. Hutazama ugonjwa umezama kiasi gani katika ukuta wa nyama wa mji wa mimba, kwani ukivuka nusu ya unene wa ukuta huo, nafasi yake ya kuifikia mishipa na kutoroka huwa kubwa zaidi. Hutazama kama chembe za saratani zimekwisha kuingia ndani ya mishipa midogo. Kama zimefika mlango wa kizazi, vifuko vya mayai au tezi za nyonga. Kisha huitazama sura ya chembe zenyewe. Zile zinazofanana bado na utando zilikotoka huenda taratibu, nazo huitwa za daraja la kwanza. Zilizopoteza sura kabisa, za daraja la tatu, ni kali. Tena iko aina iitwayo serosi, ambayo ni kali tangu mwanzo na huweza kusambaa hata kabla haijauzamia ukuta sana. Hiyo ndiyo aliyokuwa nayo mwenzangu, na katika tezi ilikwisha kufika. Yangu ilikuwa ya daraja la kwanza, imeingia chini ya nusu ya ukuta.

Siwezi kuapa kwamba angeliwahi angelipona. Aina ile huwaua hata baadhi ya waliowahi. Lakini mwaka ule mzima wa damu ulimnyang'anya nafasi aliyokuwa nayo, na hilo linaniuma hadi leo kuliko kovu langu.

Takwimu za Marekani huionyesha tofauti hiyo waziwazi. Ugonjwa huu ukikutwa ungali ndani ya mji wa mimba, wanawake 95 hivi katika kila 100 huwa hai baada ya miaka 5, wakilinganishwa na wenzao wa rika moja wasio nao. Ukiwa umefika sehemu za jirani au tezi, ni 70 hivi. Ukifika mbali, kama mapafuni, ni 20 hivi au pungufu. Katika nchi hiyo hiyo, tukichukua hatua zote pamoja, wanaofikisha miaka 5 miongoni mwa wanawake weusi ni 63 hivi kwa 100, na miongoni mwa weupe ni 84. Sehemu ya tofauti hiyo ni aina kali, ambazo huwapata weusi zaidi. Sehemu nyingine ni kuchelewa kugunduliwa na kutopata tiba iliyo sawa. Kadhalika picha ya ultrasaundi, inayopima unene wa utando, huweza kudanganya kwa mwanamke mwenye fibroidi, nazo ni nyingi kwetu. Kwa hiyo damu ikiendelea, mama asitosheke na kuambiwa picha ni nzuri; aombe utando wenyewe upimwe.

Wageni walionitembelea hawakuuliza lolote kati ya hayo. Waliuliza urefu wa kovu. Nami nilikuja kujua kwamba urefu wa kovu hauna uzito huo: utafiti mkubwa wa Marekani, wenye wanawake zaidi ya 2,600, ulionyesha mwaka 2012 kwamba waliopasuliwa kwa matundu madogo na waliofunguliwa tumbo waliishi sawasawa. Matundu madogo hufupisha siku za kulazwa, basi. Wengine walisikitika kwamba sikupelekwa Ocean Road kupigwa mionzi, kana kwamba nimedhulumiwa. Uko utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2000, wa wanawake 714 ambao ugonjwa wao haukuwa umetoka nje ya mji wa mimba. Mionzi baada ya upasuaji ilipunguza kurudi kwa ugonjwa nyongani kutoka asilimia 14 hadi 4, lakini haikurefusha maisha, kwa kuwa wengi wa waliorudiwa, ulirudi juu ya uke, mahali ambapo bado unatibika. Mionzi basi ni ya yule ambaye karatasi yake inaidai. Karatasi ya mwenzangu ilidai zaidi ya hapo, dawa za kemikali, naye alizianza akiwa amekwisha kudhoofika.

Kwa sababu hiyo nawaomba akina baba na vijana: mama akiruhusiwa kutoka hospitali, msirudi na dawa tu. Dai nakala ya majibu ya maabara, ikae pamoja na vyeti vya ndoa na hati ya kiwanja. Ugonjwa huu ukirudi, mara nyingi hurudi ndani ya miaka 3 ya mwanzo, na daktari mwingine, katika mji mwingine, hataweza kujua pa kuanzia bila karatasi hiyo. Damu ikionekana tena, au maumivu ya nyonga yasiyoachia, au mguu ukivimba, au kikohozi kisichokwisha, asingojee tarehe ya kliniki.

Na liko jambo ambalo mimi binafsi sikulitegemea. Uchunguzi wa kumbukumbu za wagonjwa wa Marekani, uliochapishwa mwaka 2012, ulionyesha kwamba kilichowaua wengi zaidi wa wanawake waliowahi kupata saratani hii hakikuwa saratani. Kilikuwa moyo na mishipa ya damu. Ule unene, ile sukari, lile shinikizo la damu vilivyoandamana na ugonjwa, daktari wa upasuaji hakuviondoa. Vilitoka wodini pamoja na mgonjwa, vikapanda naye gari, vikarudi nyumbani.

Hivyo nyumbani kwetu mambo yamebadilika, si bila manung'uniko. Mume wangu, aliyeoa mwanamke mnene na kujivunia, amekubali chai isiyo na sukari kwa siku sita za juma na kuitaka yake ya Jumapili. Dada yangu huja saa kumi na moja jioni, tunatembea hadi kituo cha mwisho cha daladala na kurudi, yeye akinitangulia kwa hatua mbili kama alivyozoea tulipokwenda kisimani. Tukifika hunifunga mkono kwa kipimo chake cha zamani. Jana kilisoma 138 kwa 84, akaandika katika daftari.