Kelele za Kwa Mutwe

Mwaka 2012 Adrien Niyonshuti alimaliza wa 39 katika mbio za baiskeli za milimani kwenye Olimpiki ya London, na sisi huku Nyamirambo, Kigali, tukashangilia kama vile kaleta dhahabu. Alikuwa amebeba bendera yetu siku ya ufunguzi, na mbio amezimaliza. Tukatosheka.

Miaka miwili baadaye Valens Ndayisenga, kijana wa miaka 20, akatwaa Tour du Rwanda, Mnyarwanda wa kwanza kufanya hivyo tangu mbio hizo ziingie kwenye kalenda ya kimataifa mwaka 2009. Hapo ndipo tulipoonja ushindi. Nsengimana akafuata mwaka 2015, Ndayisenga tena 2016, Areruya 2017, Mugisha 2018. Kumaliza tu hakukututosha tena.

Mimi husimama Kwa Mutwe, ile barabara ya mawe inayopanda kutoka Kimisagara kuja kwetu. Watoto wanapanda kuta, akina mama wanagonga mabeseni. Kwa sababu ya mwinuko, waendeshaji wanapita taratibu kiasi cha kusikia pumzi zao na minyororo ikilalamika juu ya mawe. Abanyonzi wanaobeba abiria na mizigo kwa baiskeli ndio waamuzi wetu: huyu kakaza gia mapema, yule miguu imekwisha. Wanasema kwa uhakika, maana vilima hivi ni kazi yao ya kila siku.

Mwaka 2019 mbio zilipandishwa daraja, timu kubwa zaidi za kulipwa zikaja, na jezi ya njano ya mshindi ikaanza kwenda kwa Waeritrea, Mhispania, Mwingereza, Mfaransa. Jirani yangu, mzee fundi baiskeli, aliumia sana. “Mwanangu,” aliniambia, “mtoto asiyeonja kushinda atachoka. Heri tushindane wenyewe kwa wenyewe.”

Neno lake lina uzito, kwani nimeona vijana walioacha baiskeli kwa kukata tamaa. Hata hivyo sikukubaliana naye, na sikubaliani hadi leo. Ushindi unaopatikana kwa kuwafungia mlango wenye nguvu haumkuzi mtu, na kijana mwenyewe hulijua hilo kabla ya mtu mzima kumwambia.

Kisha ikaja Septemba 2025, mashindano ya dunia ya baiskeli barabarani yakafanyika Afrika kwa mara ya kwanza, na shule za Kigali zikafungwa wiki nzima. Tarehe 28 wanaume walikimbia kilomita 267.5. Tadej Pogačar alichomoka kwenye Mlima Kigali zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akashinda. Waliomaliza walikuwa 30 tu. Wa kwetu hawakukaribia jukwaa. Lakini waliochelewa walipopita Kwa Mutwe, nyuso zimejaa chumvi ya jasho, mabeseni yaligongwa kwa nguvu zaidi kuliko alipopita bingwa, na mzee alikuwa mbele kabisa, sauti imemkauka.

Siku hizi anamfundisha mjukuu wake kupanda kilima hicho, saa ya simu mkononi. Juzi alimfokea kwa kusimama kumsubiri mwenzake aliyeishiwa pumzi katikati ya mawe. Nilimtetea kijana, mzee akanijibu kwamba saa haisubiri, na ubishi wetu bado unaendelea.