Friji Haitengenezi Baridi

Aishiye Kasese huitazama theluji kwa macho huku jasho likimtiririka mgongoni. Asubuhi isiyo na mawingu vilele vya Rwenzori, ambavyo kirefu chake hufika mita 5,109, huonekana vyeupe. Lakini huku chini bondeni, karibu na mstari wa Ikweta, maziwa yaliyoachwa mezani tangu alfajiri huwa yamekwisha kuchacha kabla ya jioni. Kwa hiyo watu wengi wakipata fedha kidogo hununua friji, aghalabu kuukuu, kama tulivyofanya sisi.

Nyumbani kwetu, hata hivyo, friji si chombo cha soda. Mama yangu mzazi, anayeishi nasi, ana ugonjwa wa kisukari na hudungwa insulini mara mbili kwa siku. Chupa ambazo hazijafunguliwa hutakiwa kukaa katika nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, wala zisigande kamwe.

Mwaka 2022 tulihamia Bwera. Mume wangu ni askari polisi, na wake wa askari watakubaliana nami kwamba uhamisho hauulizi kama umekwisha kufunga vyombo. Friji ilisafiri ndani ya lori ikiwa imesimama na kufungwa kamba, kwa kuwa ikilazwa mafuta ya kompresa huingia katika mabomba ya gesi, na hapo ni lazima isimamishwe usiku mzima kabla ya kuwashwa. Hilo tulilijua. Kosa lilikuwa jingine, na lilikuwa langu. Sebule ilikuwa ndogo, nami nikaisukuma friji pembeni hadi ikagusa kuta mbili, kisha nikatundika pazia nyuma yake ili waya na vumbi visionekane na wageni.

Haikuchukua muda maji ya kunywa yakawa vuguvugu. Friji ilinguruma mchana kutwa bila kupumzika. Nikazungusha kitufe cha baridi hadi namba ya mwisho. Nilidhani, kama nilivyowahi kuwaeleza watoto darasani, kwamba friji ni mashine ya kutengeneza baridi.

La hasha. Friji ni mchukuzi wa joto. Kumbuka muuguzi anapokupaka spiriti kabla ya sindano: spiriti ikigeuka mvuke huondoka na joto la ngozi, nawe huhisi baridi. Ndani ya mabomba ya friji kuna gesi ifanyayo kazi hiyo hiyo. Hugeuka mvuke ndani na kubeba joto la vyakula, kompresa huikandamiza, nayo huenda kulitua joto lile katika mabomba ya nyuma, ikawa maji tena. Nchini Norwei mashine ya asili hiyo hiyo hutumiwa kinyume: huchota joto lililomo katika hewa baridi ya nje na kulisukuma vyumbani ili watu waote. Basi mimi nilikuwa nimemfungia mchukuzi mlango wa kutokea, kisha nikamwamuru aongeze mwendo.

Jumamosi moja baba watoto aliivuta friji mbali na ukuta akimfukuza panya, akaliondoa na pazia, akaviacha hivyo. Friji ikapata pumzi. Kitufe hakuna aliyekikumbuka.

Siku chache baadaye Mama alianza kunywa maji bila kikomo na kutoka nje mara nyingi usiku. "Mwanangu, kiu hii si ya jua," aliniambia. Tulipomfikisha hospitalini ulimi wake ulikuwa mzito. Sista aliyempima sukari hakuuliza amekula nini, bali dawa huwekwa wapi. Baba watoto akaifuata kwa bodaboda. Sista aliiviringisha ile chupa viganjani, akatuonyesha vipande vyeupe vilivyoganda kwenye kioo. "Dawa hii iliganda. Hata ikiyeyuka, haifai tena." Chupa zilikuwa zimeegemea ukuta wa ndani wa friji, pale penye baridi kali kuliko pote.

Mama alilala wodini siku nne. Nilikaa kando ya kitanda kwa aibu, nikikosa la kusema. Yeye ndiye aliyesema, "Ulitaka iwe baridi tu."

Sasa friji yetu imeachiwa nafasi ya kiganja kizima toka ukutani, na kila mwezi huichomoa na kuyapangusa vumbi mabomba ya nyuma. Mpira wa mlango huupima kwa karatasi: nikifunga mlango na karatasi ikachomoka kwa urahisi, mpira umechoka. Barafu siibandui kwa kisu, maana tundu moja hutoa gesi yote. Kuhusu gesi, jihadharini na fundi anayeiongeza kila baada ya miezi michache. Gesi hailiwi na friji. Ikipungua kuna mahali inavuja, na asiyepatafuta pale anajaza maji ndoo iliyotoboka kwa fedha zako.

Umeme ukikatika hatuufungui mlango. Ukirudi tunangoja dakika tano ndipo tuwashe, kwa sababu kompresa ikishtuliwa upesi huungua. Chupa inayotumika si lazima ikae ndani ya friji. Nyingi hustahimili wiki nne hivi pasipozidi nyuzi 25 au 30, kama karatasi ya dawa inavyoeleza. Yetu hukaa katika mkebe mkavu ndani ya chungu kilichozungushiwa kitambaa kibichi, kivulini. Zilizobaki zimo katika kopo lenye kifuniko, rafu ya katikati, pamoja na kipimajoto, na kitufe kipo katikati.

Mama hakiamini sana kipimajoto. Kila asubuhi, kabla ya sindano, hupeleka kiganja chake nyuma ya friji, na akihisi joto ndipo huniita nilete dawa.