Si Lazima Mlingoti Mrefu

Mimi ni mtu wa Pangani, nina leseni ya redio ya upepo. Ndugu yangu wa Lushoto, katika milima ya Usambara, naye anayo. Nikitaka tuzungumze kwa wimbi la meta 80, nikamwita mkwezi afunge waya kileleni mwa minazi miwili. Kaskazi ilivuma, kijana akateleza, akajishika kwa neema ya Mungu. Mama Yosefu akaniuliza, “Baba Yosefu, salamu zako zapita roho ya mtoto wa watu?” Nikanyamaza kwa aibu.

Tukasimamisha nguzo za mvinje, meta 10 tu. Jioni ile Lushoto ikasikika wazi! Waya ukiwa chini ya robo ya wimbi, yaani meta 20, mawimbi mengi hupanda wima, hugonga tabaka la juu la anga, hurudi ng’ambo ya milima. Anayetafuta Ulaya ndiye ahitajiye kimo. Basi, kabla ya kupima mlingoti, jiulize: nataka kusema na nani? Jirani hafikiwi kwa majivuno.