Zabibu za Kanaani Jikoni Delft

Dodoma hadi Dar es Salaam nilishuka kwa SGR, na usiku ndege ikanivusha hadi Amsterdam. Asubuhi, treni ya kwenda Delft ilikata nchi tambarare, maji kila upande, ng'ombe wanono majanini. Sisi wa Dodoma tunalilia mvua, wenzetu wanahangaika kuyatoa maji shambani! Nilicheka peke yangu, abiria wakanitazama.

Mjini nilianzia kiwanda cha vyombo vya udongo cha De Porceleyne Fles, kilichoanza mwaka 1653 na hadi leo kinafanya kazi. Dada mmoja alikuwa akichora sahani kwa rangi nyeusi tii. Nikamuuliza bluu maarufu ya Delft iko wapi. Akaniambia subiri tanuri: rangi ile ina kobalti, na moto ndio unaoigeuza. Mimi niliyezoea vyungu vya Kigogo, vinavyotoka motoni na madoa ya moshi, nilibaki mdomo wazi.

Bluu hiyo wafinyanzi wa hapa waliiga kwa Wachina. Meli za Waholanzi zilileta vyombo kutoka China. Vita vya huko vilipopunguza mzigo katikati ya karne ya 17, wafinyanzi wa Delft wakaziba pengo. Udongo mweupe hawakuwa nao, wakaufunika udongo wao kwa maji mazito yenye bati, ambayo yakichomwa huwa meupe kama ukuta uliopigwa chokaa. Walichora juu ya maji hayo kabla ya kuyachoma, na rangi ilinywewa papo hapo. Ukikosea, hufuti.

Lakini kilichoniteka ni vigae vya kale katika duka moja la mtaani, kila kimoja kama sentimita 13 kwa 13. Vina picha za Biblia: kwenye kimoja, Yona anatapikwa na samaki. Vingine vimeandikwa hata sura na mstari. Vilibandikwa mekoni! Makanisa ya Kiprotestanti ya Waholanzi yana kuta tupu, maana sanamu zilivunjwa tangu 1566. Lakini nyumbani, Biblia ilichorwa palepale walipoota moto.

Kisha nikaona kigae chenye picha hii: wanaume wawili, mti begani, kichala cha zabibu kinaning'inia katikati. Wapelelezi wa Kanaani, Hesabu 13! Kichala kinakaribia kimo cha mtu. Mkulima wa zabibu wa Hombolo, kwetu Dodoma, angeuliza kwanza mbegu inapatikana wapi.

Watalii hujazana kwenye sahani kubwa za maua. Kwangu mimi, kigae cha mekoni kinazishinda zote. Ukifika Delft, anza nacho.